Filta ya tangi la samaki inavuja, inagoma kufunguka au inavuta hewa: ichunguze raba kabla hujapaka chochote

Mama mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, aliniletea filta yake ndani ya beseni la kufulia, ikiwa bado na maji. Ilikuwa inavuja tangu Jumamosi. "Fundi, napaka mafuta kila siku, na kila nikipaka inazidi," alisema. Nikafungua klipu nne, nikanyanyua kichwa, nikaichomoa raba ya kifuniko na kuiweka mezani. Kisha nikaanza kuirudisha kwenye mfereji wake, nikiibonyeza kwa kidole gumba kidogo kidogo. Nilipomaliza mzunguko, ilizidi kwa upana wa vidole viwili. Raba ni duara, ziada haina pa kwenda, kwa hiyo ilijikunja upande mmoja ikainuka kama pindo la kanga lililochomoka. Pale palipoinuka ndipo maji yalipopitia. Nikaileta puani. Ilinukia mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa.

"Umepaka mafuta gani, mama?"

"Haya ya mgando, ya mtoto. Niliambiwa hayana madhara kwa samaki."

Aliyemshauri hakukosea sana kuhusu samaki. Mafuta ya mgando hayayeyuki kwenye maji, na kiasi kidogo hakiui samaki. Iliyosahauliwa ni raba. Na raba ndiyo iliyomwaga maji kwenye zulia, ikasimamisha filta, ikawaacha samaki wake wa dhahabu siku mbili kwenye maji yasiyochujwa. Ndiyo maana mtu akiniuliza grisi gani ni salama kwa filta, namuuliza kwanza: salama kwa nani? Majini kuna samaki, na kwenye mfereji kuna raba. Unachopaka kinatakiwa kisimdhuru huyu wala yule.

Ninayoeleza hapa ni ya filta za nje, zile zinazokaa chini ya meza ya tangi kama kindoo, zenye mpira mmoja wa kuvuta maji na mwingine wa kuyarudisha. Mengi yanafaa pia kwa koki na viungio vya pampu ndogo.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya grisi. Raba huziba kwa kubanwa. Ukifunga klipu, inakandamizwa kati ya kichwa na ndoo, inabonyea, na nguvu yake ya kutaka kurudi kwenye umbo lake ndiyo inayozuia maji. Grisi inaisaidia iteleze na kukaa mahali pake bila kujisokota wakati unafunga, na inaizuia isigandamane na plastiki miezi inayofuata. Basi. Msukumo wa maji wenyewe si mkubwa: tangi likiwa mita moja juu ya filta, kila sentimita ya mraba inasukumwa na kama uzito wa gramu 100. Raba nzima, hata ikiwa kavu, inauzuia msukumo huo bila shida. Raba iliyopasuka au kuvimba haitauzuia hata ukiipaka kopo zima.

Kabla hujagusa

Chomoa plagi ukutani, usizime swichi tu. Umeme wetu ni volti 230 na mikono yako ina maji. Waya wa filta uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiufuata waya lidondoke sakafuni. Funga koki zote mbili, kisha ndipo utoe mipira.

Sponji na vile vijiwe vya ndani viweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Bakteria wanaobadilisha amonia ya samaki wanaishi humo; klorini inawaua, na wakikosa maji yanayozunguka yenye hewa wanaanza kufa baada ya saa chache. Kwa sababu hiyo hiyo, umeme ukikatika usiku kucha, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya filta kabla ya kuiwasha. Ukiyarudisha tangini yalivyo, unawapelekea samaki maji yaliyooza.

Inavuja mara tu baada ya kusafishwa

Usihukumu kwa mahali tone linapodondokea. Maji hutokea juu, yakateremka ubavuni mwa ndoo, yakadondoka kitakoni, ukadhani kitako kimepasuka. Ifute filta yote ikauke, izungushie tishu kwenye ungio la kichwa na ndoo, na kipande kingine kwenye kila koki. Washa. Tishu itakayoloa kwanza ndiyo itakayokuonyesha.

Ikiloa ile ya ungio, na wiki iliyopita filta ilikuwa haina tatizo, mara nyingi raba haijaharibika bado. Kuna kitu kimeingia. Hapa Dodoma kitu hicho ni mchanga. Miezi ya kiangazi vumbi linaingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa, na grisi iliyopakwa nene inalinasa kama ulimbo unavyonasa ndege. Punje moja chini ya raba inatosha kuacha njia ya maji. Vivyo hivyo uzi wa mzizi wa mmea, au unywele wako mwenyewe.

Toa raba. Usitumie bisibisi wala kisu kuing'oa. Ibane kwa vidole viwili mpaka itengeneze kitanzi, kisha ivute kwenye kitanzi hicho. Futa mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilichozungushiwa kijiti. Halafu fumba macho na upitishe ncha ya kidole kwenye mfereji wote, polepole, mzunguko mzima. Nafanya hivi kila mara, kwa sababu kidole kinahisi punje ambayo jicho limeiruka. Fanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa ndoo ambako raba inakaa. Mkwaruzo wa plastiki unavujisha sawa na raba mbovu, na huo hautibiki kwa grisi.

Kama ni safi, angalia kama raba imejisokota. Raba nyingi za mviringo zina mstari mwembamba wa kiwandani unaozunguka nje na ndani. Mstari ukianzia ubavuni, ukapanda juu na kupotea ndani, raba imejisokota kama kamba. Itoe, ipake upya, irudishe ukiwa unaibonyeza sehemu zinazotazamana: kaskazini na kusini, kisha mashariki na magharibi, halafu katikati. Ukiizungusha kwa kuifuata upande mmoja unaivuta, na mwisho inabaki ziada. Klipu nazo zifunge kwa mtindo huo, mbili zinazotazamana kwa pamoja.

Raba imevimba, hairudi kwenye mfereji wake

Hili ndilo lililompata mama wa Kisasa, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo uchaguzi wa grisi unapoamua kila kitu.

Raba nyeusi nyingi za filta ni za aina mbili: naitrili na EPDM. Kwa macho ni mapacha. Naitrili ndiyo inayotumika sana kwenye mitambo ya mafuta, kwa hiyo mafuta ya mgando haiisumbui sana. EPDM ni raba ya kazi za maji: inastahimili maji ya moto, klorini na jua. Lakini mafuta yoyote yatokanayo na petroli inayanywa. Inalainika, inarefuka, inapoteza nguvu ya kubana. Mpira wa asili, ule unaotokana na utomvu wa mti, nao ni hivyo hivyo. Ndiyo maana utamkuta mtu anayekuapia kwamba ametumia mafuta ya mgando miaka mingi bila tatizo, na mwingine amefurikiwa sebuleni ndani ya wiki mbili. Wote wanasema kweli. Raba zao si za aina moja.

Ya tatu ni raba ya silikoni. Hii mara nyingi si nyeusi: ni nyeupe ya ukungu, ya rangi ya chungwa au nyekundu, na ni laini mno kidoleni. Hapa mambo yanageuka. Mafuta ya silikoni, ambayo ndiyo dawa ya raba nyeusi, yanaweza kuingia ndani ya raba ya silikoni na kuivimbisha, kwa kuwa ni kitu na ndugu yake. Grisi nzito inafanya hivyo taratibu, mafuta mepesi na dawa za kupuliza zinafanya haraka. Kwa raba ya aina hii mimi naichovya kwenye maji ya tangi na kuifunga ikiwa mbichi. Inatosha. Ipo grisi ya PFPE, yenye florini, isiyogombana na raba yoyote kati ya hizi, lakini bei yake ni kubwa na kwa tangi la nyumbani sioni sababu.

Rangi peke yake si ushahidi. Ukitaka uhakika, chukua raba ya zamani iliyokwisha kufa, ya filta ileile, kata kipande, kishike kwa koleo nje ya nyumba na ukiwashe. Silikoni ikiungua inaacha majivu meupe. Raba nyeusi inatoa moshi mweusi na masizi. Hicho ni kipimo cha silikoni tu. Kujua kama nyeusi yako itavumilia ulichonacho mkononi, kata vipande viwili vyenye urefu sawa, tuseme milimita 50. Kimoja kipake kwa wingi na ukifunge kwenye kimfuko cha nailoni, kingine kiache kikavu. Baada ya wiki vipange juu ya rula. Kilichopakwa kikiwa kimezidi mwenzake hata kwa milimita mbili, grisi hiyo iweke mbali na filta yako.

Raba iliyokwisha kuvimba usiikate na kuiunga kwa gundi. Ifute, iache siku kadhaa kwenye kitambaa, na nyingine hupungua kweli. Lakini mimi siirudishi kwenye tangi la mtu. Imepoteza nguvu, na itaachia usiku watu wamelala.

Raba imekakamaa au ina nyufa

Ikunje kati ya vidole viwili. Nyufa ndogo zikijitokeza kwenye mgongo wa mkunjo, imekwisha. Ibonyeze kwa ukucha: alama ikibaki, imekwisha. Itazame kwa ubavu: raba iliyokuwa ya mviringo ikiwa na kitako bapa, imelala kwenye umbo la kubanwa na haitasukuma tena. Grisi hailainishi raba iliyozeeka. Nunua mpya, na ukienda dukani nenda na namba ya modeli ya filta pamoja na raba yenyewe. Wauza vipuri vya mitambo wana raba za kila saizi, ila watakupa ya kipenyo sahihi bila kukuambia ni ya nini, kwa hiyo uliza kama ni naitrili au EPDM, na upime unene pia. Nusu milimita ikipungua, inavuja. Ikizidi, kichwa hakifungi.

Raba ya akiba itunze kwenye kimfuko, gizani, ikiwa imelala duara lake. Usiitundike kwenye msumari. Jua la hapa linaipasua naitrili kabla hujaitumia.

Kichwa kimegandamana na ndoo

Kwanza hakikisha hukuacha koki zimefungwa huku ukijaribu kunyanyua: ndani kunakuwa hakuna hewa, na kichwa kinavutwa chini. Toa mpira mmoja au fungua koki kidogo juu ya ndoo, usikie hewa ikiingia. Filta nyingi zinazoitwa mbovu zinafunguka hapo hapo.

Ikiwa bado, tatizo ni raba kavu iliyoshikana na plastiki, au ukoko mweupe. Maji ya visima vya bonde la Makutupora, yanayonywesha sehemu kubwa ya mji huu, ni magumu; ukifungua birika lako la chai utauona ukoko huo huo. Tone dogo linalojipenyeza kwenye ungio linakauka haraka kwa hewa yetu kavu, linaacha chokaa, kesho jingine, mpaka kichwa na ndoo vinakuwa kama vimejengewa. (Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika anafaidi, maana wale wanayataka maji magumu. Filta yake ndiyo inayolipa.)

Loweka kitambaa kwenye maji ya moto yasiyochemka, kizungushie ungio dakika kumi, kisha nyanyua kwa mikono miwili ukitikisa kushoto na kulia. Kama kuna chokaa, loweka kitambaa kwa siki au maji ya ndimu na usubiri nusu saa. Usitie bisibisi kwenye ungio. Nimeona vichwa vingi vimemeguka ukingo kwa bisibisi, na kipande kikishameguka filta imekwenda.

Kikifunguka, toa raba kando kabla ya kusugua chokaa kwa siki na mswaki wa zamani. Suuza mpaka harufu ya siki iishe. Hapa sasa ndipo grisi ina kazi ya kweli: raba iliyopakwa utando mwembamba haigandamani tena, na ungio linabaki halina nafasi ya tone kukaa.

Haidondoshi hata tone, lakini inavuta hewa

Unasikia mgurumo, mapovu madogo yanatoka kwenye mpira wa kurudisha, na ukiifungua filta unakuta hewa imejaa juu. Watu wengi huipaka grisi raba ya kifuniko. Kwa kawaida siyo hiyo. Viungio vilivyo chini ya usawa wa maji ya tangi vina maji yanayosukuma kutoka ndani, kwa hiyo vikiharibika vinadondosha. Vile vilivyo juu ya usawa wa maji, upande wa kuvuta, ndani yake kuna mvuto. Vikiharibika vinafyonza hewa na sakafu inabaki kavu.

Basi angalia juu: pale mpira unapovaa bomba la kuvutia, kwenye kona inayopanda ukingo wa tangi, na raba ndogo za hapo. Paka maji kwa kidole kuzunguka ungio wakati filta inafanya kazi. Mapovu yakikoma kwa muda, umeipata. Mpira uliotanuka mdomoni ukate sentimita mbili na uuvike upya. Ukiwa mgumu kuvika, uchovye mdomo wake kwenye maji ya moto. Usitumie sabuni kuutelezesha, hata kidogo. Sabuni inaharibu matamvua ya samaki, na ikishaingia ndani ya mpira itaendelea kutoka kidogo kidogo.

Mgurumo bila mapovu ni habari nyingine: impela, kile kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji, imejaa uchafu au shafti yake ina chokaa. Isafishe kwa siki, suuza, rudisha. Usiipake mafuta wala grisi. Maji yenyewe ndiyo mafuta yake.

Utando unang'aa juu ya maji, samaki wanahema juu

Utando huu mara nyingi unatokana na chakula kilichozidi. Lakini ukitokea siku ile ile uliyopaka grisi, shuku mkono wako. Umepaka nyingi, au umepaka kitu kisichostahili.

Usisubiri. Utando unazuia hewa kuingia majini, na hapa kwetu samaki hawana akiba kubwa: Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanabeba oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya nane kuliko maji ya joto lilelile kule Dar es Salaam. Inua bomba la kurudisha lirushe maji juu ili uso utibuke. Lalisha tishu nyeupe isiyo na manukato juu ya maji, ivute taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, itupe, chukua nyingine. Badilisha robo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini. Kisha fungua filta na ufute kila kilichozidi.

Kama ulichopaka ni grisi ya gari, usiishie kufuta. Grisi ile ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa kwa sabuni ya lithiamu, yakaongezwa kemikali za kulinda chuma. Nyingine zina shaba, na shaba inaua konokono na kamba wadogo kabla ya samaki kuonyesha dalili. Badilisha raba, osha ndoo, badilisha maji siku kadhaa mfululizo. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu, WD-40 ikiwemo, ziweke kundi hilo hilo. Mafuta ya kupikia hayana sumu, ila yanaoza, yananata kama gundi, na bakteria wanayageuza kamasi.

Ununue nini

Grisi ya silikoni tupu. Ni mafuta ya silikoni yaliyogandishwa kwa unga laini wa silika: haioshwi na maji, haiozi, haiyeyuki kwa joto la nyumbani, na haizidhuru naitrili wala EPDM. Ndiyo wapakayo wazamiaji kwenye raba za taa zao na mafundi bomba kwenye koki za maji ya kunywa. Kwenye kopo tafuta alama ya NSF 61, inayohusu vifaa vya maji ya kunywa, au H1, ya mashine za chakula. Kinachoruhusiwa kugusa maji ya mtu anayekunywa, nakiamini kwenye maji ya samaki. Ile iliyokuja ndani ya boksi la filta yako, ikiwa bado ipo, ndiyo ya kwanza kutumika.

Dukani sasa kuwa macho, kwa sababu jina linachanganya. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, pale Majengo au kwingine, ukaomba "silikoni", utapewa lile tyubu refu la kuzibia vioo na masinki. Hiyo ni gundi. Inanuka siki wakati inakauka, na inakauka kweli. Niliwahi kuletewa filta ambayo mwenyewe aliipaka gundi hiyo kwenye raba akiamini ni grisi. Ikashikana moja kwa moja. Tuliikata ndoo kutoa vijiwe. Sema "grisi ya silikoni", na bonyeza kidogo kwenye kipande cha karatasi: grisi halisi inabaki ile ile kesho yake, gundi inakuwa mpira.

Ukienda kwa wauza vifaa vya kompyuta, wana kityubu cha grisi nyeupe pe, nayo ina silikoni ndani. Ni ya kupoza prosesa. Ule weupe mara nyingi ni oksidi ya zinki, na zinki ni sumu kwa viumbe wa majini. Grisi ya silikoni tupu ni angavu au nyeupe ya ukungu kidogo, kama uji mwepesi wa mchele uliopoa, si nyeupe ya rangi ya ukuta. Kwa wauza vipuri vya magari kuna grisi ya silikoni ya kuvisha kofia za plagi. Ikiwa imeandikwa silikoni tupu bila kiongezo chochote inaweza kukuvusha, lakini haina alama ya maji ya kunywa, na mimi naitumia pale tu ambapo filta lazima irudi usiku ule ule. Silikoni ya kupuliza iache kabisa. Ina viyeyushi.

Namna ya kupaka, na usiku wa kwanza

Osha mikono kwa maji tu. Chukua grisi kiasi cha punje moja ya mahindi kwa raba kubwa ya kifuniko, nusu ya choroko kwa raba za koki. Iweke kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha ipitishe raba katikati ya vidole hivyo, mzunguko mzima mara mbili. Raba inatakiwa ing'ae kama mdomo uliolambwa. Ukiona weupe umekaa kwenye kona, umezidisha, ufute. Usipake mfereji, usipake klipu.

Rudisha raba, rudisha kichwa, funga klipu zinazotazamana, fungua koki ya kuvuta kwanza maji yajae yenyewe, kisha ya kurudisha, ndipo uchomeke plagi kwa mikono mikavu.

Tandaza gazeti kavu ndani ya beseni, na juu yake uweke filta. Acha usiku kucha. Tone la saa kumi usiku linakauka kabla hujaamka, hasa kiangazi, lakini gazeti lililoloa likikauka linaacha duara lenye mikunjo. Asubuhi livute kabla hujaigusa filta na ulitazame dirishani. Lile la mama wa Kisasa, baada ya raba mpya na punje moja ya grisi, lilitoka limenyooka kama lilivyolazwa.